Kwa Nini Jicho Likichomwa Huchunguliwa la Pili

Shauri la Kumi na Nne: Kuhusu Chembe Moja ya Vumbi, Asili Yake Haijulikani, Iliyoingia Jicho la Kulia Bila Kibali, na Namna Ifaayo ya Kuitoa.

Ndivyo baraza la mji lilivyoliandika jambo lile, kwa wino mzito na mihuri miwili, mmoja juu na mmoja chini, kana kwamba vumbi lina mdomo wa kukata rufaa. Na wale wanaouliza kwa nini mtu akichomwa jicho moja waganga humwinamia wakalichungulia lile la pili, zima, lisilo na kosa lolote, jibu lao linaanzia kwenye karatasi hiyo.

Zama hizo mwili wa binadamu ulikuwa mji. Hata leo ni mji, ila zama hizo wakazi wake walikuwa bado wanatembeleana. Watu wa Ini walikwenda kuwajulia hali watu wa Figo. Watu wa Mguu walipanda mpaka Kichwani kulalamika, wakaambiwa warudi kesho. Mji wote ulikuwa wa mtu mmoja aliyeitwa Mwenyewe, mkata miti kwa kazi, ambaye kila mkazi alimtaja kutwa nzima na hakuna aliyepata kumwona. Mwenyewe akila, mji ulishiba. Mwenyewe akijikwaa, kulikuwa na kikao.

Ulinzi wa mji ulikuwa mikononi mwa askari waliovaa meupe. Walipita katika mito ya damu bila kupumzika, na walipokutana na mgeni mbaya, kijidudu au uchafu wa jeraha, walimmaliza hapo hapo kisha wakaandika taarifa. Tusiwaonee askari hawa. Bila wao Mwenyewe angekufa kwa mkwaruzo wa kwanza wa utotoni, na mji ungekuwa gofu kabla haujapata jina.

Sasa, askari aliyejifunga kibwebwe atamjuaje mwenyeji na mgeni? Kulikuwa na desturi moja. Nyuma ya mfupa wa kifua palikuwa na kambi, na kuruta wote walifungiwa humo kabla ya kupewa rungu. Kila ukoo wa mji ulituma mtu wake kambini. Alipita mbele ya kuruta taratibu, akaonyesha uso, akataja kwao, akageuka ili aonekane na mgongo. Kuruta aliyemwinulia mkono mwenyeji alitolewa mstarini siku ile ile, na hakuna aliyesikia habari zake tena. Waliobaki walipewa sare. Desturi hiyo iliitwa Kuonyeshana Nyuso, na kila ukoo uliopita uliandikwa ukurasa wake katika Daftari la Nyuso.

Mwenye daftari alikuwa karani aitwaye Hatimu. Alivaa meupe kama askari wengine, kwa kuwa taratibu zilisema hivyo, ingawa katika maisha yake yote hakuwahi kumpiga hata chawa. Alikuwa mtu wa mistari iliyonyooka. Akikuta ukoo umeandikwa mara mbili, hakulala vizuri. Akikuta ukoo umeandikwa mahali usipostahili, aliumwa na tumbo, na watu wa Tumbo walimlalamikia.

Hatimu alikuwa na binti mmoja tu, Mwasiti, naye alikuwa ameolewa Jicho la Kulia.

Macho yalikuwa nyumba mbili za ukoo mmoja. Mbele ya kila nyumba palikuwa na kioo kisicho na doa, na nyuma ya kioo pazia la duara lililofunguka kwenye giza na kufumba kwenye jua. Kazi ya ukoo ilikuwa kulitia pazia rangi, maana pazia lisilo na rangi hupitisha mwanga ovyo na Mwenyewe hafahamu anachokiona. Kwa kazi hiyo watu wa Macho, wanaume kwa wanawake, walikuwa na mikono ya kahawia iliyokolea mpaka viwikoni, rangi isiyotoka kwa sabuni wala jivu. Mwasiti alipokwenda kwa mumewe mikono yake ilikuwa kama ya watu wengine. Mwaka haujaisha, baba yake alipomtembelea aliiona imekolea, na bintiye aliinyoosha mbele yake kama mtu anayeonyesha bangili.

Ndipo likaja lile vumbi.

Askari arobaini waliingia Jicho la Kulia kulitafuta, wakiongozwa na mkuu wao wa wakati huo, mtu aliyependa saluti kuliko chakula. Walikanyaga kioo kwa buti. Walichimba mahandaki, wakafungulia maji, wakawasha moto, yaani walifanya yote wanayofanya askari kwenye kidonda cha mguu, ambako hayamdhuru mtu, maana mguu hauhitaji kupitisha mwanga. Kwa siku tatu ukungu ulitanda. Mwenyewe akatembea akaingia zizini kwa mbuzi akidhani anaingia kwake, na mji mzima ukatikisika kwa pembe ya beberu.

Siku ya nne ukoo wa Macho ulipeleka malalamiko barazani, na aliyesimama kusema alikuwa Mwasiti, kwa sababu wazee wa ukoo walisema bibi harusi hawezi kukatizwa maneno. Alikuwa na maneno machache.

"Waheshimiwa," alisema, "vumbi lilitoka siku ya kwanza, kwa machozi. Tangu hapo tunaotolewa ni sisi."

Wazee wakacheka, na mkuu wa askari akaangalia buti zake. Baraza likapitisha kifungu: kuanzia siku hiyo askari wasiingie ndani ya Macho. Mito ya damu ikomee ukingoni, pasiwe na mfereji hata mmoja wa kupita kwenye kioo. Vumbi na vijidudu vya njiani vifagiliwe na machozi, na hata kama mgeni akipenya, wangojamlango wa nyumba wamtoe kwa sauti ya chini, bila moto na bila mahandaki. Kilikuwa kifungu chema. Kama wangeishia hapo na kwenda kula, hadithi hii isingekuwepo.

Lakini hakuna baraza linaloridhika na kifungu kimoja. Mjumbe mmoja, ambaye alikuwa amelala wakati wa malalamiko na kwa hiyo alikuwa na nguvu, aliinuka akauliza: kama askari hawaingii Macho, na watu wa Macho hawatoki, kuna haja gani ya ukoo ule kuhangaika kwenda kambini kila mwaka kuonyesha nyuso zao kwa watu wasiokutana nao? Wenzake wakaona ni hoja. Safari ya Machoni mpaka Kifuani ilikuwa ndefu, na rangi ilimwagika njiani. Wakapitisha kifungu cha pili, cha kuwasamehe watu wa Macho wajibu wa Kuonyeshana Nyuso, na wakapiga makofi kwa huruma yao wenyewe.

Mwasiti alifurahi. Hatimu alifurahi kwa kuwa bintiye alifurahi. Alirudi ofisini, akafungua daftari kwenye ukurasa wa ukoo wa Macho, akautazama. Ukoo uliosamehewa hauna sababu ya kuwamo, alifikiri, na ukurasa usio na sababu ni takataka. Hakuna aliyemwagiza. Akauchana kwa kutumia rula, ili usiache manyuzi, akaupanga upya mfululizo wa namba. Kazi ilikuwa safi kiasi kwamba mtu asiyejua asingeona kuna kilichopungua.

Miaka ikapita, na ilikuwa miaka mizuri. Mwenyewe aliona mbali. Aliweza kumtambua mdai wake akiwa bado ng'ambo ya mto. Askari wa zamani waliowahi kuziona nyuso za watu wa Macho walistaafu au walikufa, kwani maisha ya askari si marefu, na waliokuja nyuma yao walijua jambo moja tu kuhusu Macho: kwamba huko hakuendeki. Nani aliishi humo, hawakujua, wala hawakuwa na wa kumuuliza. Hatimu aliendelea kumtembelea bintiye mara moja moja, kama mzazi, si kama askari. Alivua sare yake ukingoni mwa damu na kuingia na kanzu ya nyumbani.

Kisha Mwenyewe akaenda kukata mgunga wa kuzungushia zizi. Alivuta tawi, tawi likamponyoka, likarudi kwa nguvu. Mwiba mmoja wa urefu wa kidole ukaingia Jicho la Kushoto.

Kioo kilipasuka. Ukuta wa nyumba uliraruka, pazia likatoka nje kupitia tundu, na watia rangi wa Kushoto walitupwa katika mto wa damu, wakielea na kuitana majina. Nyuma ya mwiba yaliingia matope na vijidudu vya kila namna. Askari wakafika mbio, na kwa hilo walikuwa sahihi: nyumba iliyobomoka haina tena ndani wala nje, na wadudu wale wangeachwa wangepanda mpaka Kichwani. Walipigana siku mbili, wakawashinda. Mji uliwashangilia, na walistahili.

Ilikuwa wakati wa kusafisha ndipo askari mmoja alipomleta mbele ya Afande Ngwali, mkuu mpya wa askari, mtu aliyelowa, mwenye mikono ya kahawia mpaka viwikoni, na kuuliza huyu ni nani. Ngwali alimtazama. Hakupata kumwona mtu wa namna hiyo. Akaletewa wa pili, wa tatu, wa kumi, wote mikono ile ile. Akamwita karani na daftari lake.

Hatimu alifika, akawaona watu wale wameketi chini wamefungwa, na mmoja wao alikuwa shemeji yake Mwasiti, aliyewahi kumpikia Hatimu chai. Ngwali akauliza ukoo wa mikono ya kahawia uko ukurasa wa ngapi.

"Hauna ukurasa, Afande," alisema Hatimu. "Lakini hawa ni wenyeji. Ni watu wa Macho. Ukoo huu nimeuozesha binti yangu."

"Umemwozesha, sawa. Umemwandika?"

Hatimu alieleza habari za Shauri la Kumi na Nne na kifungu chake cha pili. Ngwali alisikiliza mpaka mwisho, maana hakuwa mtu mbaya, kisha akasema kwamba yeye haoni shauri, anaona mikono. Daftari linasema wenyeji ni hawa na hawa. Watu hawa hawamo. Wametokea mahali penye mwiba, pamoja na wadudu, wakati mmoja na wadudu. Kama karani ana andiko lolote la kuonyesha kinyume, alete. Hatimu hakuwa nalo. Andiko alilikata mwenyewe kwa rula.

Watia rangi wa Kushoto wakafanywa kama wageni wengine wanavyofanywa. Halafu, kama ilivyo taratibu, wasifu wao ukapelekwa kwenye vituo vya shingoni, ambako askari wapya hufunzwa adui wa kutafuta: mikono ya kahawia, mpaka viwikoni, haitoki kwa sabuni, wakionekana popote, wakamatwe. Mwenyewe naye akafunga jicho kwa kitambaa na kurudi kukata miti, kwa kuwa lile lingine bado liliona. Nyumba ya Kushoto ikabaki wazi, na kila siku walipenya nje watia rangi mmoja au wawili waliokuwa wamejificha kwenye vifusi, na kila siku vituo vya shingoni vilipokea mfano mwingine wa kufundishia.

Hatimu alisoma wasifu ule mara moja tu. Hakuhitaji mara ya pili. Katika mji mzima palikuwa na nyumba nyingine moja iliyojaa mikono ya kahawia, na binti yake alikuwa humo.

Alikimbia kwanza kwenye Kambi ya Kifuani. Fikra yake ilikuwa nyepesi na nzuri: amchukue Mwasiti, ampitishe mbele ya askari, aonyeshe uso, ataje kwao, ageuke. Basi. Alipofika hakuitambua kambi. Mwenyewe alikwisha kuwa mtu mzima, na kambi ya kuruta hudhoofu kadiri mwenye mwili anavyokua. Uwanja wa gwaride ulikuwa umegeuzwa ghala la mafuta, na kwenye kibanda kilichobaki aliketi mkufunzi mmoja mzee na kuruta wawili waliokuwa wakigombania mkeka.

Mkufunzi alimsikiliza kwa adabu. Akasema mtu wa Macho angeletwa, angewaonyesha hawa wawili, na hawa wawili wangemjua. Lakini wale wa shingoni hawakuwa wake tena.

"Samaki mkunje angali mbichi, karani," alisema. "Wale wamekwisha kukauka, na wana amri mfukoni."

Hatimu akageuka kushuka kwa Bi Sihaba. Huyu alikuwa bibi mzee aliyekaa ghorofani, juu ya paa la Figo, na katika mji wote ndiye mtu pekee ambaye askari walimtii bila kupigiwa kelele. Akituma neno lake, rungu zilishuka, moto ulizimwa, maji yalikauka. Hatimu alipanda ngazi akihema, akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaeleza shida yake.

Bi Sihaba alisikitika kweli kweli. Kisha akauliza barua iko wapi.

Kwani neno lake halikutoka hivi hivi. Ombi lilianzia Kichwani, kwenye ofisi ya ndani ya ubongo. Likikubaliwa huko lilishushwa kwenye tezi ndogo inayoning'inia chini ya ubongo, ofisi yenye ukubwa wa punje ya kunde inayotawala nusu ya mji na kuringa kwa nusu nyingine. Tezi ile ikiridhika iliandika barua, barua ikasafiri kwa damu mpaka kwa Bi Sihaba, naye ndipo alipotoa neno. Bila barua angeweza kutoa neno dogo la kila siku, la kumsaidia Mwenyewe kuamka asubuhi, na hilo alikwisha kulitoa.

"Mjukuu wangu," alimwambia, ingawa Hatimu alikuwa na mvi, "mimi nalia na wewe. Ila nikilia bila barua, chozi langu halina nguvu."

Hatimu akapanda mpaka Kichwani. Kule alikuta foleni ya watu wa Mguu. Alisubiri. Aliulizwa kama jambo lake linahusu Jicho la Kushoto, ambalo lina jalada, au la Kulia, ambalo halina tatizo lolote. Akasema la Kulia. Akaambiwa ombi la kutuliza askari mahali pasipo na askari haliwezi kuingizwa. Arudi askari watakapokuwa wamefika. Alirudi siku ya pili akaambiwa hivyo hivyo. Siku ya tatu mji ulitikisika na watu wote kwenye foleni wakashika ukuta, kwa kuwa Mwenyewe alikuwa ameutazama mwanga wa jua akapiga yowe. Ombi likaingizwa.

Maana askari walikwisha kufika. Kwenye ukingo wa Jicho la Kulia wangojamlango waliwasimamisha na kuwakumbusha kifungu: askari wasiingie ndani ya Macho. Afande Ngwali alikuwa amekisoma. Akajibu kwamba kifungu kinalinda nyumba za wenyeji, na mwenyeji kwa maana ya sheria ni mtu aliyemo daftarini. Nyumba hii haina hata mmoja. Kwa hiyo wanapoingia hawaingii nyumba ya mtu yeyote. Wangojamlango walikuwa bado wanaitafakari hoja hiyo walipokanyagwa.

Mle ndani hapakuwa na mwiba. Hapakuwa na kijidudu hata kimoja. Palikuwa na watu wakitia rangi pazia. Askari wakawasha moto na kufungulia maji kama walivyofanya Kushoto, kwa bidii ile ile na kwa moyo ule ule safi. Kioo kikafanya ukungu. Pazia lililowa, likavimba, upande mmoja ukagandana na kioo cha ndani, na kuanzia hapo halikufunguka tena duara. Wengine walipanda mpaka kwenye kope, ambako binamu za watia rangi walikuwa na kazi ndogo ya kuzipaka nywele weusi, wakawakamata nao. Kope za Mwenyewe zikageuka nyeupe upande mmoja, na mkewe akamuuliza amejipaka nini.

Barua ilifika kwa Bi Sihaba adhuhuri ya siku ya nne. Alikuwa ameketi mlangoni akiingoja. Akatoa neno lake, neno kubwa, akamkabidhi Hatimu apeleke mwenyewe, na akamwonya jambo moja.

"Neno langu hulaza, halifundishi. Watakaa chini, lakini hawatakuwa wamewajua watu wako. Na wakisinzia huko, mlango wa mbele nao unabaki bila mtu. Msilitumie kama sukari."

Hatimu alilipeleka kwa mbio ambazo hakuwahi kukimbia ujanani. Askari waliposikia neno la Bi Sihaba rungu zilishuka moja moja. Mmoja alipiga miayo. Mwingine aliketi juu ya pipa la rangi lililopinduka, akatazama mikono yake iliyochafuka kahawia, akaifuta kwenye suruali, akaitazama tena. Afande Ngwali alitoa amri ya kuondoka kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi yake, akampigia karani saluti akipita. Hatimu hakuirudisha.

Nyumba ilikuwa imefungwa upya kwa ndani. Hatimu alisimama mlangoni akabisha.

"Nani?"

"Mimi, mwanangu. Baba yako."

Kisha sauti ya Mwasiti ikauliza, kwa karibu zaidi, "Umevaa nini?"

Hatimu akajitazama. Alikuwa amepita mji mzima mara tatu bila kukumbuka kubadili nguo. Alikuwa amevaa meupe.

"Basi simama hapo hapo, Baba. Pazia nimelishika kwa mikono, upande huu ambao halijagandana. Nikikufungulia litachanika."

Alisimama. Kwa nafasi ya mlango aliweza kuona vidole viwili vya bintiye, na rangi yake ilikuwa imepauka, madoa madoa. Akamuuliza wamebaki wangapi. Mwasiti akasema wamebaki nusu, mumewe yumo. Kisha akamuuliza baba yake jambo ambalo alikuwa ameliwaza tangu askari walipoingia, huku wakiita majina ambayo hayakuwa ya mtu yeyote.

"Nilikuja kambini mwenyewe, mwaka ule nilioolewa. Nikapita mbele yao, nikageuka. Uliandika wewe, nilikuona unaandika. Ukurasa ule aliuchana nani?"

Hatimu angeweza kusema baraza. Ingekuwa karibu na kweli, na kulikuwa na mihuri miwili ya kumuunga mkono.

"Niliuchana mimi," alisema.

Ilisikika sauti ya brashi, mtu fulani mle ndani alikuwa amekwisha kurudi kazini. Kisha Mwasiti akasema chakula kipo, ila atamtolea hapo nje. Sahani ikapitishwa kwenye nafasi ya mlango. Hatimu alikula amesimama, akairudisha sahani, akashukuru, akaondoka.

Baraza lilikutana. Lilijadili iwapo ukoo wa Macho urudishwe kambini kuonyesha nyuso, na likaona haiwezekani: Kushoto hapakuwa tena na mtu, na wa Kulia walikataa kutoka, wakasema wametosheka kujulikana. Hatimu aliomba kuacha daftari. Akakubaliwa, na akapewa cheti cha utumishi usio na doa.

Na mpaka leo askari wa mwili husimama ukingoni mwa jicho na hawaingii, na kioo cha mbele hakina mfereji wa damu hata mmoja. Machozi hufagia, na wangojamlango huongea kwa sauti ya chini. Mara nyingi inatosha. Watu wengi huchomwa jicho, wakatibiwa mapema, na la pili likaishi salama mpaka uzee. Lakini si wote. Kwa hiyo mtu akichomwa, waganga hawangoji. Huziba tundu upesi, kabla vituo vya shingoni havijapata mfano wa kufundishia, na kwa miezi na hata miaka humwita arudi, wakalimulika jicho zima kwa taa, wakamuuliza kama mwanga unamuuma. Wakiona wekundu wanaoutafuta, hupeleka neno la Bi Sihaba, siku hizi likiwa ndani ya dawa, bila kungoja barua, na hulipima kwa uangalifu, kama alivyoonya.

Katika majalada ya mji jambo hili limeandikwa kuwa ni Ajali ya Mwiba wa Mgunga, Macho Mawili. Mwiba ulichoma jicho moja, la kushoto. Jicho la kulia liliharibiwa na askari wa mji huo huo, waliofuata daftari, na katika daftari hilo watu wa jicho lile hawakuwamo.